Matrekta Mawili ya Zamani, Fedha za Kununua Moja: Somo kwa Kamati za Parokia



Mara nyingi kamati za maendeleo za parokia hutuuliza: "Tumekusanya fedha kidogo na kuna trekta linauzwa. Je, tununue?" Katika toleo hili tunajaribu kulijibu swali hilo kwa mfano wa parokia moja iliyo chini ya Milima ya Uluguru, ambayo ilitakiwa kuchagua kati ya matrekta mawili yaliyotumika. Tunaomba somo hili lisomwe katika kikao cha kamati, si nyumbani peke yako, kwa sababu mwishoni kuna maswali ya kujadili pamoja.

Tuanze na kosa letu wenyewe

Nyuma ya ghala letu, chini ya mwembe, kuna trekta ambalo halijawaka kwa misimu mingi. Kuku hutaga chini ya kiti chake. Tulilinunua kwa sababu bei ilikuwa nafuu, rangi ilikuwa mpya, na muuzaji alikuwa na haraka. Hatukulipeleka shambani hata siku moja kabla ya kulipa. Msimu wa kwanza lililima wiki mbili tu, gia zikavunjika. Tulipotafuta spea tuligundua kwamba mafundi wa Morogoro hawalijui trekta la aina ile, na kila kifaa kilipaswa kuagizwa kutoka nje ya nchi.

Wakulima walikuwa wamekwisha kulipa malipo ya awali. Wengine waliacha kukodi vibarua kwa kutegemea trekta letu, mvua zikawakuta mashamba hayajaguswa. Mama mmoja alituambia maneno ambayo hatujayasahau: "Mngetuambia mapema kwamba hamna trekta, ningelima kwa jembe langu." Wafadhili nao tuliwaandikia barua ya kueleza, na barua ile ilikuwa ngumu kuandika.

Ndiyo maana parokia hii ilipokuja kuomba ushauri, hatukutaka irudie njia yetu. Wahenga walisema rahisi ni ghali. Sisi tulilipa karo ya kujifunza methali hiyo.

Lijue shamba kabla ya kulijua trekta

Kamati ilipofika ofisini, mazungumzo yote yalikuwa juu ya injini na bei. Tuliwaomba wasubiri. Tuliwapa kazi ya wiki mbili: kila kigango kiandike idadi ya kaya zinazohitaji kulimiwa, ukubwa wa kila shamba, aina ya udongo, mwinuko, na kama kuna visiki.

Wanaoijua Uluguru wanaelewa sababu. Vilele vyake hupita mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na Kimhandu ndicho kirefu kuliko vyote. Huko ndiko yaliko machimbuko ya Mto Ruvu, unaowapa maji wakazi wa Dar es Salaam. Parokia nyingi za eneo letu zina vigango vya juu, ambako watu hulima migomba, mboga na viungo kwenye miteremko mikali, na vigango vya chini, ambako kuna mahindi, mpunga na ufuta kwenye ardhi ya tambarare. Trekta haliwezi kulima mteremko wa juu. Likijaribu linaweza kupinduka na kumuua dereva, na udongo utashuka mtoni kwa mvua ya kwanza.

Majibu ya vigango yalirudi yakiwa na mshangao. Kamati ilikuwa imezoea kusema "tuna mamia ya ekari." Baada ya kupima kwa hatua na kamba, ekari za tambarare zilizosafishwa visiki, zenye wenyewe walio tayari kulipa, zilikuwa karibu 90. Nyingi zilikuwa vipande vya nusu ekari hadi ekari mbili, vyenye udongo mwepesi wa kichanga. Sehemu ndogo, karibu na mto, ilikuwa udongo mweusi wa mbuga, ule unaonata kama gundi ukilowa na kupasuka kama kigae ukikauka.

Kwa hiyo, kabla hatujaliona trekta lolote, tulikuwa tumekwisha kujua kazi yenyewe: ekari 90, vipande vidogo, udongo mwepesi zaidi kuliko mzito.

Historia inatufundisha mambo mawili

La kwanza limetokea jirani yetu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Kwa sababu matrekta mapya hayakupatikana kwa urahisi baada ya vita, walinunua yaliyotumika, mengi yakiwa masalia ya jeshi kutoka Ufilipino. Hata vifaru vya kivita viligeuzwa kuwa matrekta. Mengi yaliharibika mapema. Udongo wa Kongwa, ambao ukikauka huwa mgumu kama saruji, ulikula majembe. Spea zilikuwa mbali na mafundi wachache. Mwaka 1951 mradi uliachwa na hasara ya zaidi ya pauni milioni 35. Kama serikali tajiri ilishindwa kwa kununua matrekta machakavu bila kuujua udongo, parokia itaponaje?

La pili limetokea kwetu Uluguru. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani kwa lengo la kuzuia mmomonyoko wa udongo. Lengo halikuwa baya. Lakini kazi ilikuwa nzito, matuta mengi yalifukua udongo wa chini usio na rutuba, na wananchi hawakuulizwa. Mwaka 1955 yalitokea maandamano Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango ukafa. Huko Mgeta, ambako mboga zililipa jasho la mkulima, matuta yaliendelea bila fimbo ya mtu. Mradi ambao watu wanaona faida yake wataubeba wenyewe. Mradi wa kuamriwa huishi hadi msimamizi anapoondoka.

Matrekta yenyewe

Matrekta yaliyokuwa yakiuzwa yalikuwa Massey Ferguson 135, jekundu, na Ford 5000, la bluu. Yote ni ya zamani, lakini si ya kudharauliwa.

*Massey Ferguson 135.* Lilianza kuundwa katikati ya miaka ya 1960, na kiwanda chake kikubwa kilikuwa Coventry, Uingereza. Lina injini ya dizeli ya Perkins yenye silinda tatu na nguvu ya farasi zipatazo 45. Ni jepesi, kama tani moja na nusu. Limerithi mfumo wa haidroliki wa Harry Ferguson, ambao jembe hushikwa na mikono mitatu nyuma ya trekta. Jembe linapokutana na udongo mgumu, mfumo huo hulinyanyua kidogo na kuhamishia uzito kwenye magurudumu ya nyuma. Hivyo trekta jepesi linaweza kuvuta vizuri kuliko unavyotarajia. Jambo kubwa kwetu ni kwamba injini ya aina hiyo iliendelea kutumika kwenye Massey Ferguson 240, ambalo limeundwa kwa wingi hata nchini Pakistan. Kwa sababu hiyo pistoni, ringi na gasketi bado zinapatikana katika maduka ya spea ya Dar es Salaam.

*Ford 5000.* Liliundwa kuanzia mwishoni mwa 1964 hadi 1975, hasa katika kiwanda cha Basildon, Uingereza. Lina silinda nne na nguvu ya farasi kama 65. Yaliyotengenezwa kuanzia 1968 yaliongezewa injini na kufikia kama 75. Ni zito zaidi, lina magurudumu makubwa, na huvuta jembe la sahani tatu bila kulalamika. Kwenye udongo wa mbuga ni mfalme. Tahadhari moja: baadhi yalitoka kiwandani na gia za kubadilishwa bila kukanyaga klachi, zilizoitwa Select-O-Speed. Gia hizo ni tata na fundi wa kijijini atazikwepa. Lile tulilolikagua lilikuwa na gia za kawaida, na hiyo ilikuwa heri.

Hata lililo changa kabisa kati ya matrekta ya Ford 5000 lina umri wa nusu karne. Kwa hiyo mwaka ulioandikwa kwenye kadi hautoshi kukupa jibu. Cha kuuliza ni limetunzwaje, na nani ataliendeleza.

Siku ya majaribio

Tulikwenda na fundi ambaye hakuwa ndugu wala rafiki wa muuzaji yeyote, na tulimlipa sisi. Hili ni muhimu. Fundi anayelipwa na muuzaji huona kwa jicho moja.

Tulifika asubuhi na mapema bila kutoa taarifa ya saa. Jambo la kwanza fundi aliweka kiganja juu ya injini. Ya Ford ilikuwa baridi. Ya Massey Ferguson ilikuwa na joto. Mwenyewe alikuwa ameiwasha kabla ili iwake kwa urahisi mbele yetu. Tukasema hakuna neno, tutasubiri ipoe. Tulisubiri hadi mchana. Ilipopoa iliwaka kwa shida, ikatoa moshi wa bluu.

Moshi una lugha yake. Mweusi mzito maana yake dizeli ni nyingi au hewa haitoshi: huenda nozeli ni mbovu au kichungi cha hewa kimeziba. Wa bluu maana yake injini inachoma oili: ringi au silinda zimechoka. Mweupe usiokoma baada ya injini kupata moto unaweza kuwa maji yanayoingia kwenye silinda. Fundi alifungua kifuniko cha kujazia oili huku injini ikiunguruma. Kwa Massey Ferguson pumzi ilitoka kwa nguvu, yaani mgandamizo unavuja. Kwa Ford ilitoka kidogo tu. Oili ya yote mawili haikuwa na rangi ya chai ya maziwa, kwa hiyo maji hayakuwa yameingia.

Kisha alinyanyua jembe kwa haidroliki, akazima injini na kutazama saa. Jembe la Massey Ferguson lilibaki juu. La Ford lilishuka polepole na kugusa chini baada ya dakika chache: sili zimechoka. Tairi za nyuma za Ford zilikuwa na nyufa zinazoingia kidole. Za Massey Ferguson zilikuwa nzuri. Usukani wa yote mawili ulikuwa na mchezo, lakini si wa kutisha.

Mchana tuliyapeleka shambani. Tuliomba mashamba mawili ya parokia yenye udongo mwepesi, ekari moja kila moja. Tulijaza matangi hadi mdomoni, tukalima, tukajaza tena kwa kopo la lita. Massey Ferguson lenye sahani mbili lilitumia saa mbili na lita 8. Ford lenye sahani tatu lilitumia saa moja na dakika 10 na lita 9. Kwenye kipande cha nusu ekari chenye kona, Ford lilipoteza muda mwingi kugeuka, tofauti ya mwendo ikapungua. Kwenye mbuga, Massey Ferguson liliteleza na kuzama, Ford likapita.

Hapo kamati iligawanyika. Vijana walitaka la bluu: lina nguvu, injini yake ni nzima, na bei yake ilikuwa chini kuliko la jekundu. Wazee walitaka la jekundu kwa sababu walilizoea tangu zamani. Tuliwaambia wote wawili kwamba nguvu si sababu na mazoea si sababu. Turudi kwenye daftari.

Hesabu kwenye ubao

Bwana wetu alitoa mfano wa mtu aliyeanza kujenga mnara bila kupiga hesabu, akaishia kuchekwa na wapita njia (Luka 14:28-30). Tulitundika ubao ukumbini tukapiga hesabu mbele ya watu. Bei zifuatazo ni za kufundishia tu. Kila kamati iweke za mahali pake.

*Kazi.* Kabla ya masika tuna kama siku 30 ambazo trekta linaweza kulima, tukitoa Jumapili, mvua za ghafla na siku za matengenezo. Massey Ferguson likilima ekari 3 kwa siku, ni ekari 90. Ford likilima ekari 5, ni ekari 150. Lakini ekari tulizonazo ni 90. Nguvu ya ekari 60 za ziada tungeinunua ikae chini ya mti.

*Fedha kwa ekari.* Tuseme mkulima analipa shilingi 50,000 kwa ekari. Dizeli lita 8 kwa 3,000 ni 24,000. Dereva 6,000. Oili na grisi 2,000. Jumla ni 32,000. Zinabaki 18,000 kwa spea na kwa siku ambayo trekta hili litazeeka kabisa. Kwa ekari 90 ni shilingi 1,620,000.

Mjumbe mmoja aliomba bei ishushwe hadi 40,000 kwa huruma. Tukahesabu: zingebaki 8,000 kwa ekari, yaani 720,000 kwa msimu. Huruma hiyo ya shilingi 10,000 ingekula 900,000, zaidi ya nusu ya fedha za spea. Tulikubaliana kwamba wajane na wagonjwa wasaidiwe, lakini kutoka mfuko wa huruma wa parokia, ambao nao utalipia ekari zao kwa bei kamili. Trekta halijui huruma. Ringi zikiisha zimeisha.

*Matengenezo.* Ford lilihitaji tairi mbili kubwa za nyuma na sili za haidroliki. Massey Ferguson lilihitaji kufunguliwa injini: ringi, silinda tatu, beringi, gasketi. Tulipiga simu maduka matatu na kuandika bei zote. Gharama za pande mbili zilikaribiana, lakini fundi wa Morogoro aliyekuwa tayari kutoa maandishi ya kazi yake alikuwa wa Massey Ferguson. Wa Ford alipatikana Dar es Salaam, karibu kilomita 200, na safari yake ingelipwa kila mara.

Sauti kutoka mlimani

Kabla ya kupiga kura alisimama mzee wa kigango cha juu. Alisema, "Sisi tumeuza ndizi na kutoa mchango sawa na wa chini. Trekta hili halitapanda kwetu. Je, tunalima mashamba ya wenzetu?" Ukumbi ulinyamaza.

Wapendwa, swali hili ndilo lingeua mradi, na halikuwa kwenye orodha yoyote ya ukaguzi. Mtu mmoja alipendekeza trekta lipandishe tela mlimani kuleta ndizi. Tulikataa. Breki za trekta la zamani, tela lililojaa na barabara ya mteremko yenye tope ni kaburi lililo wazi. Baada ya mjadala mrefu ilikubaliwa mambo matatu. Kwanza, mchango wa vigango vya juu uandikwe kama mkopo kwa mradi, urudishwe kwa misimu mitatu. Pili, mashine ya kupukuchua mahindi inayozungushwa na trekta iwekwe pale barabara ya magari inapoishia, ili watu wa juu nao waitumie kwa bei ya mwanachama. Tatu, kigango cha juu kiwe na nafasi mbili katika kamati ya trekta, mojawapo ikishikwa na mwanamke. Tukumbuke kwamba kwa desturi ya Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama. Kamati ya wanaume watupu huamua juu ya mashamba ambayo si yao.

Uamuzi na yaliyofuata

Kamati ilichagua Massey Ferguson 135, kwa sharti: bei ipungue kwa kiasi cha gharama ya kufungua injini. Muuzaji alikataa. Kamati ikaondoka. Ilikuwa siku ngumu, maana watu walikuwa wameanza kuimba. Siku ya tisa muuzaji alipiga simu na kukubali. Fedha zililipwa benki, baada ya namba za chasisi na injini kulinganishwa na kadi na umiliki kuthibitishwa TRA. Kadi iliandikwa kwa jina la Wadhamini Waliosajiliwa wa jimbo, si la paroko wala la mwenyekiti.

Injini ilifunguliwa mara moja. Hapo tulimsikia mfadhili mmoja akiuliza kwa nini fedha zinatumika kwenye trekta ambalo linawaka. Tulimjibu kwamba tunatengeneza mwezi ambao hakuna anayelihitaji, ili tusitengeneze mwezi ambao wote wanalihitaji.

Msimu wa kwanza ekari 71 zililimwa, si 90. Mvua zilikuja mapema na wiki moja ilipotea kwa pampu ya dizeli. Pampu ya trekta hili hulainishwa na dizeli yenyewe; dizeli chafu yenye maji iliyonunuliwa kwenye madumu barabarani iliiharibu. Tangu siku hiyo dizeli hununuliwa kituoni, hutulizwa usiku mmoja na kuchujwa. Wakulima wa mbuga hawakulimiwa, kwa sababu trekta lilizama. Kamati iliwarudishia fedha zao ndani ya wiki, kila mmoja akisaini. Mmoja wao alituambia kwamba amekasirika kutolimiwa, lakini ni mara ya kwanza kwake kurudishiwa fedha na mradi. Msimu uliofuata mbuga ililimwa mapema, ikiwa bado na unyevu kidogo tu, kwa kukodi trekta kubwa la jirani kwa siku tatu. Ilikuwa nafuu kuliko kumiliki Ford kwa mwaka mzima.

Je, tunasema Ford 5000 ni baya? Hapana. Parokia yenye ekari 200 za mbuga pale Dakawa au kwenye tambarare za Kilosa, iliyo na fundi wake, ingekosea kuchagua la jekundu. Somo letu haliko katika rangi ya trekta.

Mambo kumi ya kuzingatia

1. Pima ekari halisi, aina ya udongo, mwinuko na visiki kabla ya kutazama trekta lolote.
2. Tafuta kwanza fundi na duka la spea, kisha trekta. Bila hivyo unanunua chuma chakavu cha kesho.
3. Lipa fundi wako mwenyewe.
4. Washa injini ikiwa baridi. Ikiwa ina joto, subiri ipoe.
5. Lima ekari moja kwa kila trekta kwenye udongo wako, upime saa na lita.
6. Weka akiba ya matengenezo kabla ya kulipa bei ya kununua. Fedha zote zikiisha siku ya kununua, umenunua nusu ya trekta.
7. Linganisha namba na kadi, lipa benki, andika umiliki kwa jina la taasisi.
8. Mafunzo ya dereva ni lazima. Funga fremu ya chuma ya kumkinga dereva trekta linapopinduka. Sweden ililazimisha jambo hili kwa matrekta mapya tangu 1959 kwa sababu wakulima walikuwa wakifa. Usipakie abiria kwenye jembe wala kwenye mkono wa gurudumu.
9. Daftari la trekta liandikwe kila siku: saa, ekari, lita, oili, fedha, saini. Mali bila daftari hupotea bila habari.
10. Tangaza kwenye ubao wa kanisa mapato na matumizi ya kila mwezi wa kilimo, hata kama ni hasara.

Neno kwa wafadhili wetu

Tunawashukuru kwa moyo. Tunaomba pia mtuelewe katika jambo moja. Ni rahisi kufadhili trekta, kwa sababu lina picha nzuri. Ni vigumu kufadhili grisi, vichungi, mafunzo ya dereva na wiki mbili za kupima mashamba kwa kamba. Lakini lile la chini ya mwembe lilikuwa na picha nzuri pia. Mkitoa kwa ajili ya trekta, tafadhali ruhusuni sehemu ya fedha ikae benki kama akiba ya spea kwa mwaka wa kwanza. Na mkipokea taarifa inayosema ekari 71 badala ya 90, msikate tamaa. Taarifa hiyo mnaweza kuiamini.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika parokia yetu, nani atafaidika na trekta na nani atachangia bila kufaidika? Tutamfanyia nini?
2. Je, tunao mradi uliolala "chini ya mwembe"? Nani aliathirika, na je, tumemwomba radhi?
3. Trekta likiharibika wiki ya kwanza ya masika, fedha za spea ziko wapi leo? Nani ana saini?
4. Badala ya kununua, je, kukodi, kununua majembe bora, au trekta dogo la mkono kungetosha kwa ekari tulizonazo?
5. Ni nani katika kamati yetu ambaye hatujamsikia bado?

Kamati itakayopenda nakala ya fomu ya kupimia mashamba na mfano wa daftari la trekta iwasiliane na ofisi yetu kupitia paroko. Na mkifika, karibuni mlitazame lile la chini ya mwembe. Hatulifichi tena. Tunalitumia kufundishia.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.